Neno la Bwana Kiko na Meza Fupi za Mtoni

Mtoni, Jumamosi baada ya alasiri

Mwanangu Mwajuma,

Nakuandikia wakati umekwenda Temeke kumuaga shangazi yako, na nimjuavyo shangazi yako, hutarudi kabla hajakulisha mara mbili na kukulilia mara tatu. Kwa hiyo nina muda. Mama yako yuko uani analifunga sanduku lako kwa kamba ya katani, analifungua, anaongeza kitu, analifunga tena. Habari za chandarua, vidonge vya malaria na kutokula ovyo njiani ameshakuambia, na ataendelea kukuambia mpaka treni ianze kutembea. Mie hayo simwingilii.

Mie nina jambo moja tu, nalo ni la aibu, ndiyo maana naliandika. Tangu juzi nimejaribu kukuambia kwa mdomo. Kila nikianza, najikuta nakuuliza kama umekula.

Unakwenda kuwa bibi shamba. Barua yako ya kazi ina muhuri, na mama yako ameipitisha kwenye nyumba zote kumi za balozi wetu, hata wasiojua kusoma wameupapasa muhuri kwa kidole. Nimefurahi, usinione nimenuna. Lakini fikiri kidogo. Una miaka ishirini na moja. Umesoma kilimo chuoni miaka miwili, na kabla ya hapo kilimo chako kilikuwa mchicha wa nyuma ya bafu, ambao mama yako ndiye aliyekuwa akiumwagilia. Huko Tabora watakuja kwako wazee walioanza kulima tumbaku mie sijaota ndevu. Watakuuliza maswali, na iko siku watakuuliza usilolijua, mbele za watu, nawe una daftari mkononi na wote wanakungoja wewe. Saa hiyo ndiyo ninayoiogopa. Mie ilinikuta, na nilikuwa na neno la Kizungu la kujifichia.

Neno lenyewe ni kerioni. Nyumbani ulilisikia sana ulipokuwa mdogo, nadhani ulidhani ni jina langu.

Nililipata kwa Bwana Kiko. Huyo alikuwa Mzungu wa karakana ya samani niliyoanzia kazi, hapa hapa Barabara ya Kilwa, nyakati za mkoloni. Mie nilikuwa tarishi wake, nambebea mafaili na kumtafutia kiberiti, maana kiko chake kilizimika kila baada ya hatua kumi. Kila asubuhi alizunguka karakana nzima mikono nyuma. Alisimama mbele ya kila fundi, akaangalia mbao, akaangalia fundi, akasema, "Kerioni," akaenda zake. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza kitu.

Sie hatukujua maana yake. Mafundi walibishana sana wakati wa chai. Mmoja alisema ni salamu ya kwao. Maganga, Mnyamwezi, fundi hodari kuliko wote na mtani wangu, alisema, "Sio neno hilo. Ndivyo wanavyokohoaga wakivuta tumbaku mbichi." Mie sikubishana, nilikuwa nachunguza. Niliona neno lile husemwa na aliye juu kwa aliye chini, husemwa wakati wa kuondoka, na halijibiwi. Nikawa nimejifunza matumizi kabla ya maana. Nikalihifadhi moyoni, nikijua siku yake itafika.

Ikafika. Uhuru ukaja, Bwana Kiko akafunga mizigo, na mwenye karakana akatafuta msimamizi mwananchi. Nilikuwa na darasa la nne, shati jeupe, na miaka sita ya kutembea nyuma ya Mzungu, watu wakaamini Kiingereza kimeniingia kama moshi wa kiko chake. Mie sikuwakatalia. Kazi ya mbao nilikuwa siijui hata kidogo. Sikuwahi kushika randa ila kumpelekea mtu.

Asubuhi ya kwanza Maganga akaja na mlango. Akaniuliza bawaba aweke mbili au tatu, maana ubao ulikuwa mzito. Mikono yangu ilikuwa nyuma tayari. Nilimwangalia yeye, nikauangalia mlango, nikasema, "Kerioni."

Maganga akaenda akaweka bawaba tatu, na mlango ule mpaka leo haujalegea. Unaona ilivyokuwa? Neno lilifanya kazi kwa sababu Maganga alijua kazi. Mie nikaamini limefanya kazi kwa sababu yangu.

Kuanzia hapo nikaharibika. Mama yako aliniuliza tununue unga au mchele, nikamwambia kerioni, akanunua vyote viwili. Jirani alikuja kushtaki kwamba mbuzi wetu amekula khanga yake, nikamwambia kerioni, akarudi kesho yake na ile khanga nusu pamoja na mjumbe. Mbaya zaidi ilikuwa harusi ya binamu yangu kule Mbagala, ambako nilisimama kama walii wa bi harusi. Sheikh akaniuliza kama nimeridhia. Nikasema kerioni. Sheikh akangoja. Nami nikangoja. Watu wote wakatungoja sie wawili, mpaka babu yako aliponifinya pajani ndipo nikasema nimeridhia. Watu walicheka, nami nikadhani wananionea wivu.

Sasa nakuja kwenye meza.

Ulikuwa darasa la tatu. Ndiyo miaka ile kisomo cha watu wazima kilipopamba moto, kila mtaa una darasa, mabibi wanatembea na madaftari kwapani. Karakana yetu ikapata kazi ya kutengeneza meza sitini na viti vyake kwa ajili ya madarasa ya huku Mtoni. Mchoro wa kazi ulipaswa kutoka ofisini kwangu. Nikafungua kabati, nikatoa mchoro wenye meza, nikampa Maganga. Nilitoa mchoro wa chekechea, tuliowatengenezea watoto mwaka uliotangulia. Kwangu mie meza ilikuwa meza.

Maganga alirudi baada ya nusu saa. "Ndugu msimamizi, miguu hii mifupi. Una hakika?"

Nikasema kerioni.

Akaenda, akarudi. "Hizi sio za watu wazima kweli? Maana mie nikikata nimekata, mti hauoti tena."

Saa hiyo meneja wa karakana, mkubwa wangu, alikuwa anapita na wageni wawili wamefunga tai. Nikanyanyua kidevu, nikasema kerioni kwa sauti ya kusikika mpaka kwao. Mmoja wa wageni akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mara ya tatu Maganga akaja kwa utani, kama desturi yetu. "Wee Mzaramo, mnataka kuwakalisha wake zenu kama vyura?" Nami nikamjibu kwa utani, nikamwambia Mnyamwezi kazi yake kubeba mizigo, asijitie kupima. Kisha nikasema kerioni. Mtu akiuliza mara tatu amemaliza haki yake yote. Maganga akakata.

Siku ya kufungua darasa mie sikwenda. Alikwenda mama yako, na aliporudi alikula, akanawa, ndipo akasema, "Leo nimesoma nimechuchumaa." Akanieleza. Watu wazima thelathini na magoti yamefika masikioni. Mzee wa msikitini alikaa upande kama mtu aliyepakiwa kwenye baiskeli. Na Bi Hadija, muuza samaki anayechukua samaki Kunduchi, unalijua umbo lake, alijitahidi akaingia. Kutoka ndiko kulikokuwa na shughuli. Mwalimu aliposema simameni, Bi Hadija alisimama na meza yake. Walimshika wanawake wanne, wawili wakavuta meza, wawili wakamvuta Bi Hadija. Mama yako alinieleza haya yote bila kucheka, nami nikajua mambo ni mazito.

Malalamiko yakafika kwa balozi, yakapanda kwenye chama, yakashuka kwa meneja. Kikaitwa kikao cha wafanyakazi wote. Meneja akasimama na ile meza fupi mbele yake, akauliza nani amekata hii miguu.

Maganga akasimama. "Nimekata mie. Na nimeuliza mara tatu, msimamizi akaniambia kerioni. Huyu Mzaramo hajui Kiingereza, hajui mbao, anachojua ni kukuna nazi tu."

Karakana nzima ikaangua kicheko. Ndiyo hatari ya utani, mwanangu. Kila siku ya Mungu mie na Maganga tulitukanana mbele zao, na wao walifurahi kama wanaoangalia ngoma. Siku aliposema kweli tupu, akaisema kwa sauti ile ile, nao wakacheka vile vile. Hata meneja alicheka. Akafuta macho, akasema, "Jamani, acheni utani wenu, hapa tuko kikaoni." Kisha akanigeukia mie, anangoja.

Nami nikacheka.

Sikusema uongo hata mmoja. Nilicheka tu, nikatikisa kichwa kama mtu anayesema huyu mtani wangu haponi. Meneja akaona yamekwisha. Maganga akasimamishwa kazi siku ile ile, na ikasemwa mwisho wa mwezi atafukuzwa kabisa. Alikusanya patasi zake moja moja, akazifunga kwenye kitambaa. Aliponipitia akasema, "Mzaramo, leo umepata dafu la bure." Hakuwa na hasira. Mtani hana ruhusa ya kukasirika, na mie niliitumia sheria hiyo kama mwizi anavyotumia giza.

Zikapita siku. Nilikwenda kazini, mikono nyuma, na neno likagoma kutoka. Mafundi wakiniuliza kitu nilijifanya nina mafua. Maganga alipita nyumbani kila jioni kutusalimu, akakubeba mabegani, akanitania mbele ya mama yako, na kila utani wake ulinichoma kuliko tusi. Siku ya nane mama yako akaniambia, "Leo jioni twende wote kisomo. Ukakae kwenye meza zako."

Nikaenda. Nilikaa nyuma, magoti yakanigonga kidevu. Mwalimu alikuwa binti mdogo, Mwalimu Stella, aliyekuja kwa basi kutoka Kimara na kufika na vumbi kichwani. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Kiingereza kwa waliokwisha kujua kusoma. Akauliza nani ana neno la Kiingereza alilosikia na angependa kulijua. Bi Hadija akanyoosha mkono kabla mwalimu hajamaliza.

"Mwalimu, kerioni ni nini?"

Darasa lote likageuka kunitazama. Kugeuka kwenyewe kulichukua muda, kwa sababu ya meza.

Mwalimu Stella akaandika ubaoni: *carry on*. Maneno mawili. Akasema ukilitazama la kwanza peke yake linasema beba, lakini yakishaungana hayabebi tena, yanasema endelea. Akasema Kiingereza kina maneno mengi ya namna hiyo, na dawa yake ni kuyajifunza yote mawili kwa pamoja na kuyatumia. "Unamwambia mtu ambaye kazi yake unaijua na umeiona iko sawa. Endelea hivyo hivyo."

Mwajuma, nilikaa pale nikapiga hesabu ya miaka yangu. Nilidhani nilikuwa nikitoa amri. Nilikuwa namwambia jirani ambaye mbuzi wetu amekula khanga yake aendelee. Nilikuwa namwambia Maganga, anayesema kazi imekosewa, aendelee hivyo hivyo.

Mwalimu akataka kila mtu atunge sentensi. Mzee wa msikitini akasema, kwa Kiingereza chake, mvua inaendelea. Bi Hadija akasema samaki wanaendelea, mwalimu akasita lakini akampa alama ya vema. Ikafika zamu ya mama yako. Akasimama, maana yeye ni mwembamba, meza ilimwachia. Akasema polepole, "My husband say carry on. Maganga carry on. The table is short."

Mwalimu akamsahihisha vitenzi, vya jana visemwe kwa namna ya jana. Mama yako akashukuru. Kisha akauliza kwa Kiswahili, "Sasa hapo, mwalimu, mwenye kosa ni nani?"

Mwalimu Stella akaangalia chaki yake. "Hilo, mama, sio swali la Kiingereza," akasema.

Asubuhi yake, siku ya tisa, nilikwenda kwa meneja. Nikamwambia yote. Unajua alinijibu nini? Akacheka. "Nyie watani mnalindana sana. Nenda kazini, Salum." Nikamwambia sio utani. Akasema kila mtani husema hivyo. Nikaapa. Akasema hata kuapa kumo kwenye utani wenu. Ikabidi nithibitishe ujinga wangu, na sikujua kama ujinga nao una shida ya kuthibitishwa, maana miaka yote nilikuwa nahangaika kuuficha. Mwisho nikamwambia anipe mchoro wowote na msumeno.

Tukaenda karakana. Akaniwekea mchoro wa stuli, stuli tu, mwanangu, akasema nikate mguu mmoja. Mafundi wakazunguka. Niligeuza ule mchoro mara nne. Nikapima kwa rula kuanzia upande usio na namba. Nilishika msumeno kwa mikono miwili kama jembe. Hakuna aliyecheka safari hii. Meneja akaniambia, "Basi, inatosha," kwa sauti ya chini, akaniondolea msumeno yeye mwenyewe.

Maganga akarudishwa, akapewa nafasi yangu. Mie sikufukuzwa, nilishushwa nikawa msaidizi wa kupiga msasa. Kazi yetu ya kwanza tukiwa pamoja ilikuwa kuunga vipande kwenye miguu ya zile meza sitini, na ilituchukua wiki mbili. Jioni ya kwanza Maganga alinishika kifundo cha mkono, akanionyesha kufuata uzi wa mbao, ile mistari yake ya asili. Aliponiuliza kama nimeelewa, nikamwambia sijui. Akanionyesha tena. Nilijifunza useremala nina mtoto wa darasa la tatu, na kitanda unacholalia hapa ndicho nilichokitengeneza kwa mkono wangu. Kinalia, lakini hakijaanguka.

Ndiyo hayo. Watakapokuuliza huko usilolijua, sema hujui, tena siku hiyo hiyo. Usijione mdogo. Sema, "Mzee, hilo silijui, nionyeshe nyie mnafanyaje, nami nitauliza chuoni." Watakutania, Wanyamwezi hawakosi la kusema mbele ya Mzaramo. Watanie nao. Ila utani ukibeba kweli ndani yake, simama uipokee.

Ningeishia hapa, na karibu nilitia sahihi. Lakini nitakuwa nimekupa nusu.

Kesho kutwa ukishuka stesheni ya Tabora, Maganga atakuwa pale anakungoja. Yeye amerudi kwao siku nyingi, na utakaa kwake mpaka kijiji kikupe nyumba. Kabla hujameza tonge la kwanza atakusimulia habari ya meza. Huisimulia kila mahali, hata kwenye msiba wa baba yangu aliisimulia. Na huisimulia hivi: meneja aliuliza, yeye Maganga akajibu, watu wakacheka, na hapo hapo Mzaramo akasimama akasema ni mimi. Hapo hapo. Zile siku zote huziruka. Nimemsikia mara ishirini, na mara zote nimemwacha aziruke.

Siku ya sita tangu Maganga asimamishwe, mkewe, Mama Kulwa, aliuza cherehani yake. Alipewa na marehemu baba yake alipoolewa, na alikuwa akiwashonea sare watoto wa mtaa mzima, nawe ulivaa sare aliyoishona. Mume hana kazi, pacha wanataka kula, akaiuza. Maganga aliporudishwa kazini tuliitafuta kwa yule aliyeinunua, naye alikuwa amekwenda nayo Kilwa. Hadi leo Mama Kulwa anashona kwa mkono.

Maganga nilimwomba radhi. Akanijibu utani, nikamjibu utani, tukakumbatiana. Mama Kulwa sikumwomba. Yeye ni Mpare, hana utani na sie, na kwake nisingekuwa na pa kujificha. Na mumewe, kwa kunisitiri, alimwambia usimlaumu Salum, mambo yale yalikuwa ya Kiingereza, siku ile kikaoni hakuelewa kinachosemwa. Mama huyu amenipikia, amenikaribisha, ameniuguzia mke, akiamini kwamba sikuelewa.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine ndogo, ina jina lake. Mpe mkononi, Maganga asiione kwanza, maana ataisoma kwa kelele na kuigeuza kichekesho. Macho ya Mama Kulwa siku hizi yamechoka, huenda akakuambia umsomee. Msomee yote, mwanangu, usinihurumie mahali. Ina mistari michache. Inasema samahani, inasema habari ya cherehani, na inasema kikao kile kiliendeshwa kwa Kiswahili, tangu mwanzo hadi mwisho.

Ni mie baba yako,
Salum